Jinsi ya Kununua Frasila Moja

Kabla ya yote, chagua mwaka. Frasila, kipimo cha uzito, hainunuliwi kila mahali wala kila wakati. Ukienda soko la Darajani, Unguja, leo ukaomba frasila ya karafuu, kijana wa dukani atakuuliza unataka kilo ngapi, na safari yetu itakuwa imeharibika mlangoni. Mwongozo huu unakutuma Unguja ileile, lakini kati ya 1840, Seyyid Said bin Sultan alipokwisha kuhamishia makao yake pale kutoka Maskati, na Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga mikarafuu ya kisiwa shamba kwa shamba. Ndani ya miaka hiyo kila chenye thamani bandarini kinapanda mizani kwa frasila: karafuu, pembe za ndovu, sandarusi, nta, mbata, hata shanga zinazongoja kupelekwa bara. Njoo na kaskazi, wakati karafuu za msimu zimekwisha kuanikwa, na upange kuondoka na kusi. Una miezi michache ya kujifunza, nayo inatosha.

Beba fedha, na uishike kwa heshima, maana hapa fedha na mizani ni ndugu wa tumbo moja. Wakia moja ni uzito wa reale moja ya fedha. Wakia 16 ni ratili. Ratili 3 ni mani. Mani 12 ni frasila. Hesabu hii ikae kichwani kabla hujashuka jahazini, kwa sababu kila mtu utakayekutana naye forodhani anaijua, na anajua pia nani haijui.

Sasa ifuate hesabu hiyo hadi mwisho. Mani 12 zenye ratili tatu tatu ni ratili 36, na ratili 36 zenye wakia 16 kila moja ni wakia 576. Reale inayotembea zaidi katika bahari hii ni ile ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, ambayo imeendelea kupigwa baada yake ikiwa na mwaka huohuo usoni. Watu wa pwani wanaiita reale ya Sham. Uzito wake ni gramu 28 na chembe. Zidisha kwa 576, utapata kilo 16 na kama gramu 170. Waingereza waliokuja na ratili yao ya gramu 453 waliandika frasila katika vitabu vyao, wengine kwa ratili 35, wengine 36. Hesabu ya sarafu inaangukia katikati ya hizo mbili, na mimi nikilazimika kuchagua naziamini sarafu.

Mpango huu naupenda kwa moyo wote. Mnunuzi na muuzaji walikuwa na kipimo mfukoni. Mtu aliyelitilia shaka jiwe la mizani hakuhitaji kungoja afisa wa serikali aje na muhuri. Reale zake mwenyewe zilitosha kulipima jiwe. Reale iliyokatwa pembeni au kusagwa ilimwaibisha mwenyewe mara mbili, kwanza kama fedha, pili kama uzito. Hesabu reale zako usiku kabla ya kwenda sokoni, na zilizolika ziweke kando.

Ukishajua frasila ni nini, uliza ni ya nani. Swali hili limewafilisi watu wengi walioona haya kuliuliza. Jina lilisambaa kwenye bahari hii na wafanyabiashara wa Kiarabu, na lilikuwa limezeeka katika bandari zake kabla Mreno hajaiona Kilwa. Ludovico di Varthema, msafiri kutoka Bologna ambaye kitabu chake kilichapwa Roma mwaka 1510, aliwakuta watu wa Calicut wakiuza kwa farasola, akaikadiria kuwa kama ratili 25 za kwao. Wareno waliliandika faraçola, na mwaka 1554 António Nunes akakusanya kitabu kizima cha vipimo, mizani na sarafu za bandari za mashariki, kwa sababu maofisa wa mfalme wake walikuwa wakipata shida hiyohiyo itakayokupata wewe. Jina lilikuwa moja kila bandari; uzito ulibadilika kila nanga ilipotua.

Chukua Mocha, bandari ya buni ya Yemen. Huko frasila ilikuwa mani 10 za Mocha, na jumla yake ilikaribia ratili 30 za Kiingereza. Nunua Mocha frasila 100 za buni, zilete Unguja, uzipime upya: utasoma themanini na kitu, wala punje moja haikudondoka baharini. Hapo ndipo mgeni huanza kumfokea nahodha na kumpekua kuli. Waache. Buni yako yote ipo. Kilichopotea ni swali ambalo ulipaswa kuliuliza Mocha kabla ya kulipa. Kama bado unadhani mambo haya yamekwisha, nenda katika nchi ya kahawa ya Ethiopia, ambako wakulima na madalali wameendelea kuuza buni kwa feresula, na feresula yao ni kilo 17. Ni mtoto wa ukoo uleule, amenenepa kidogo nyanda za juu.

Umeuliza, umejibiwa, umekubaliana na muuzaji kwamba mnatumia frasila ya Unguja. Usikimbilie mizani. Mizani ni chombo kinyofu kupita kiasi: kitapima chochote utakachokiweka, maji yakiwemo, mchanga ukiwemo. Macho, vidole na pua vitangulie.

Karafuu mbichi hupoteza karibu theluthi mbili za uzito wake juani. Ndiyo maana mtu mwenye haraka huiondoa jamvini siku moja kabla ya wakati, na siku hiyo moja unailipia wewe. Chukua karafuu kutoka katikati ya gunia, kamwe si juu, uivunje. Iliyokauka hukatika kwa mlio, na kikonyo chake hakipindi. Mbichi hujikunja kama inakuomba radhi. Chomeka mkono wako guniani hadi kiwiko: gunia kavu huchubua ngozi, gunia lenye unyevu hubaki na ubaridi ndani. Angalia pia makonyo, vile vijiti vinavyoshika vichala. Vina mafuta yake na vina bei yake, lakini si bei ya karafuu. Katika frasila moja, ikiwa sehemu moja ya kumi ni maji yasiyostahili kuwamo, umelipa zaidi ya ratili tatu na nusu za mvua. Mwambie muuzaji waziwazi, “Bwana, hizi bado zinataka jua,” kisha ngoja. Muuzaji mwema atazirudisha jamvini na atakuheshimu. Asiyekuwa mwema atakueleza habari za watoto wake.

Sandarusi inataka ukali mwingine. Ni utomvu wa miti iliyokufa zamani sana, unachimbwa kwenye udongo wa Mrima, bara mkabala na kisiwa, na unakuja umevaa udongo huo kama ganda. Wamarekani wa Salem, jimbo la Massachusetts, waliinunua kwa wingi ili itengenezwe vanishi ya magari ya farasi na samani. Kwa miaka mingi waliipakia na uchafu wake, wakaiosha kwao. Ilipooshwa ngozi yake ilionekana na vipele vidogovidogo, kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Kwa hiyo frasila ya sandarusi chafu na frasila ya sandarusi safi ni bidhaa mbili, japo jiwe la mizani ni moja. Taja hali ya bidhaa kila unapotaja uzito wake. Asiyeitaja amenunua udongo wa Mrima na kuulipia nauli mpaka Marekani.

Pembe za ndovu ndizo ngumu kuliko zote, na hapa nakuomba utulie. Frasila moja ya karafuu ni sawa na frasila nyingine ya karafuu za ubora uleule, lakini pembe haiko hivyo. Pembe moja kubwa yenye frasila mbili ina bei kubwa kwa kila frasila kuliko kalasha, yaani vipembe vidogo, hata ukizirundika kalasha hizo zifike frasila mbili kamili. Pembe kubwa inatoa vipande vikubwa, na huko Connecticut, katika viwanda vya Deep River na Ivoryton, zilikopasuliwa kuwa vibao vya piano, ukubwa ndio uliokuwa kila kitu. Mafundi wa Kutch waliotengeneza bangili za India walikuwa na mahitaji yao, na kwa hiyo wanunuzi wao walizitenga pembe kivyao. Ukiulizwa “frasila bei gani?” katika soko la pembe, jibu sahihi ni kuomba kuziona kwanza. Kisha igeuze pembe uchungulie shina lake. Lina uwazi, na uwazi una nafasi ya vitu. Ingiza kijiti mpaka kigome. Pembe mpya pia hupungua uzito inapokauka, kwa hiyo usimwite mwizi mtu aliyekuuzia frasila tatu mwezi wa kwanza na wewe ukapima pungufu mwezi wa sita.

Sasa ndiyo zamu ya mizani. Ni mti ulioning'inizwa kwa kamba katikati, na vitanga viwili, kimoja cha bidhaa na kingine cha mawe. Anza kwa kuutazama ukiwa mtupu. Mti ulale sawa. Pitisha kiganja chini ya vitanga, maana nta hushika vizuri mahali pasipoonekana. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo ningependa kila mnunuzi na kila mkulima wa leo alijue: pima, kisha badilisha vitanga, upime tena. Mkono mmoja wa mti ukiwa mrefu kuliko mwingine hata kwa upana wa ukucha, mizani tupu inaweza kuonekana sawa kabisa kwa sababu kitanga cha upande mfupi kimefanywa kizito kidogo. Lakini ukihamisha bidhaa kwenda upande wa pili, uongo wote unatoka nje. Ukisoma ratili 36 upande huu na 34 upande ule, ukweli uko karibu sana na 35, na kuanzia hapo mazungumzo ni ya bei, si ya dini. Muuzaji akikataa kubadilisha vitanga, ondoka. Karafuu ziko nyingi.

Huenda akakwambia tuiache mizani, tupime kwa pishi. Pishi ni chombo cha ujazo: vibaba vinne ni pishi moja, na wachumaji wa Pemba wamehesabiwa ujira wao kwa pishi za karafuu mbichi vizazi na vizazi. Si kitu kibaya. Ila uliza kama ni kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa kiganja, au kibaba cha tele, chenye kilima juu. Kilima hicho kina mmiliki, na lazima ajulikane kabla ya kupima.

Hapa nakiacha kisiwa cha 1860 kwa dakika moja, kwa sababu kilima hicho bado kinapanda. Tanzania kinaitwa lumbesa: gunia la viazi au vitunguu linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa kichwa kilichofungwa kwa kamba na wavu, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria imekataza, na Wakala wa Vipimo imeipiga vita mwaka hadi mwaka. Kenya nayo iliweka kanuni za viazi mwaka 2019, gunia lisizidi kilo 50. Sokoni, nyanya zinauzwa kwa sado, lile kopo la lita nne lililoachwa na rangi ya Sadolin, na kilima chake. Mimi lumbesa naiita wizi. Mkulima aliyelima miezi minne anaporwa kwa dakika ambayo gunia linashonwa, na anaporwa huku akihesabiwa kwa sauti, moja, mbili, tatu. Kibaba cha tele kilikuwa na jina lake, hivyo kikaweza kuwa na bei yake. Kichwa cha lumbesa hakina bei. Anayetaka kumsaidia mkulima ampe mizani kabla ya kumpa semina.

Turudi forodhani. Umepima, umeridhika. Kabla hujalipa liko swali moja la mwisho kuhusu frasila yako, na usipoliuliza mwongozo huu haukukufaa kitu: imefikaje hapa?

Kama ni karafuu za miaka hiyo, zimechumwa na watumwa. Hilo halina njia ya kulizunguka. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na hadhi ya utumwa haikuondolewa kisheria visiwani mpaka 1897. Mti uliopandwa kwa amri ya Seyyid Said, ukapaliliwa na kuchumwa na watu wasiolipwa, ndio uliotia harufu nzuri katika ghala unalosimama. Andika hilo moyoni wakati unaposifu ubora wake.

Kama ni pembe, imebebwa. Frasila mbili ndizo zilizokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi, ratili 70 za Kiingereza begani au kichwani, na juu yake akaweka mkeka wake, chungu chake na posho yake. Pembe kubwa kupita hapo ilimwendea mtu mmoja mwenye nguvu za pekee, na mizigo isiyogawanyika ilikwenda mzegazega, watu wawili na mti mmoja. Wanyamwezi waliijua kazi hii kuliko mtu yeyote. Wasafiri Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na wakaingia Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Novemba 7. Wapime hao kwa wapagazi waliokwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka, na kila kurudi ni frasila mbili. Ukiona frasila imeandikwa kwenye kitabu cha safari za karne hiyo, gawanya kwa mbili, upate idadi ya watu.

Fanya hivyo na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili. Anaeleza kwamba alipomshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, mwaka 1867, alipata frasila 1,950 za pembe na frasila 700 za shaba. Kwa kilo zetu, pembe hizo peke yake ni tani 31. Gawanya kwa mbili: mabega 975, kwa pembe tu, kabla hujagusa shaba. Pembe hizo zilipatikana kwa bunduki, na kila moja ilipofika Unguja ilipimwa kwa uangalifu mkubwa, mti ukalala sawa, vitanga vikatulia. Mizani ilikuwa ya kweli kabisa. Haikuulizwa chochote kuhusu Itabwa.

Mlipe kwanza mpagazi. Hilo nakuagiza kama mtu mwenye haki ya kuagiza. Muuzaji ana ghala, ana mdhamini, ana jamaa Bombay. Mpagazi ana siku alizotembea.

Kisha kaa chini na daftari. Waandishi wengi wa zamani waliandika “frasila 40” wakaona wamemaliza, na leo wanahistoria wanakuna vichwa kutafuta kama ni ratili 35 au 36 au 30, kavu au mbichi, safi au na udongo wake. Wewe usifanye hivyo. Visiwa hivi vitapata uhuru na mapinduzi, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar litaanzishwa 1968, karafuu zitanunuliwa kwa kilo, na atakayekisoma kitabu chako hatakuwa na reale ya Sham mkononi. Kwa hiyo andika tarehe. Andika bidhaa na hali yake, kama imekauka, kama imeoshwa, kama makonyo yametolewa. Andika frasila ya mji gani, yenye ratili ngapi. Andika kwamba vitanga vilibadilishwa na ulisoma nini kila upande. Andika pembe moja moja, kubwa na kalasha zikiwa mbali. Andika nani alibeba, kutoka wapi, na kwamba amelipwa. Baada ya hapo hesabu reale zako mbele ya muuzaji, mwache naye azihesabu, na mkiwa mmeafikiana mpeni kuli gunia alipeleke jahazini.